Nikikwama Saa Nane za Usiku

Mwezi uliopita mjukuu wangu na mumewe walitoka Dar es Salaam kuja kunijulia hali hapa Korogwe, ninakoishi tangu nilipostaafu. Mjukuu ni mja mzito wa miezi sita, na mimba yenyewe ndiyo ya kwanza. Tulipokwisha kula, mumewe alitoa simu akanionyesha picha za hospitali nne za jijini. Moja ina chumba chenye kitanda cha mama, kochi la baba na runinga ukutani. Ya pili ina bustani. Ya tatu ni ya serikali, na picha yake ilikuwa ya geti tu. Ya nne ilikuwa na bei iliyonifanya nivue miwani, niifute, niivae tena na kuisoma upya.

"Babu," mjukuu akaniuliza, "wewe ungekuwa sisi, ungechagua ipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, kwa kuwa swali hilo niliwahi kulijibu mara moja maishani, mwaka 1980, na nililijibu vibaya mpaka waliponisahihisha wanawake watatu. Mwalimu aliyekosa hesabu na kusahihishwa ana wajibu wa kuwaonyesha wengine mahali alipokosea. Kwa hiyo nimeona niliandike jibu langu humu, pamoja na historia yake.

Kwanza ieleweke kwamba kuchagua hospitali ya kujifungulia ni jambo jipya katika nchi yetu. Wazazi wa wazazi wetu hawakuchagua. Walichaguliwa, na kilichowachagulia kilikuwa rangi ya ngozi. Wajerumani walipoufanya mji wa Dar es Salaam kuwa makao makuu yao, walijenga hospitali ya Ocean Road kando ya bahari, mahali penye upepo mzuri, ikakamilika mwaka 1897. Hiyo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, ambaye alifariki mwaka huohuo wa 1897. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango huo wa kila rangi na mlango wake hawakuubomoa. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya kubwa kule Upanga, ikapewa jina la Princess Margaret wa Uingereza, aliyeizuru nchi mwaka ule. Ndiyo Muhimbili tunayoijua. Jina la Sewa Haji nalo halikupotea, maana mojawapo ya majengo ya wodi za Muhimbili linaitwa hivyo mpaka leo. Na ile hospitali ya Wazungu ya Ocean Road tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani, na anayelazwa humo haulizwi rangi yake.

Lakini nikisema hospitali hii ilikuwa ya hawa na ile ya wale, msomaji asidhani kwamba akina mama wa Kiafrika walijaa humo kujifungua. Walio wengi walijifungulia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, aghalabu bibi wa ukoo. Tulifundishwa shuleni kuuita ujinga. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya darasa nikauita hivyo. Waama haukuwa ujinga. Mtu hawezi kuitwa mjinga kwa kutokwenda mahali ambapo hapafikiki, au ambapo hakuhesabiwa.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa kasi. Mwaka 1963 ilianzishwa Dar es Salaam shule ya kufundishia madaktari wetu wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, chama cha TANU kiliamua kwamba fedha za afya ziende zaidi vijijini, kwenye zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1973 redio ilituamsha kwa kampeni ya "Mtu ni Afya", na sisi walimu tuliongoza vikundi vya kusikiliza, kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kliniki za mama na mtoto zikaenea. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyopiga marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Zikabaki hospitali za serikali, za mashirika ya dini na za jumuiya zilizoruhusiwa kuendelea bila biashara. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1991, sheria ilipolegezwa.

Basi katika mwaka 1980 mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kuchagua mahali pa mkewe kujifungulia hakuwa na picha za kutazama. Alikuwa na majina machache, na sifa zake ziliendeshwa kwa midomo ya watu.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye cheti cha chuo cha ualimu na kiburi kilichozidi cheti. Tulipanga chumba na sebule Buguruni. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin mwaka uliotangulia, na kila kitu kilikuwa cha foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, kanga za kumpokelea mtoto foleni kuanzia alfajiri. Nilipanga foleni mara tatu kabla ya kupata doti moja, na mara ya tatu nilifika darasani kipindi cha pili kimeanza.

Mke wangu alipotimiza miezi mitano, nilimtangazia uamuzi wangu. Nasema nilimtangazia, sikumshauri. Iko hospitali moja ya kulipia, sitaitaja, ambayo wakubwa wa ofisini waliisifu. Sakafu zake ziling'aa, na mama alilala peke yake kitandani. Nilikuwa nimeshapeleka maombi ya mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo. Nilitaka siku moja niweze kusema, mbele ya walimu wenzangu, mwanangu alizaliwa pale.

Mwanamke wa kwanza kunisahihisha alikuwa muuguzi wa kliniki ya mtaani kwetu. Siku hiyo nilimsindikiza mke wangu, jambo ambalo wanaume wachache walilifanya. Muuguzi alimsimamisha ukutani penye mstari wa rangi, akampima kimo, akaandika kwenye kadi sentimita 148. Kisha akaniita.

"Mwalimu, mkeo ni mfupi. Na hii ni mimba ya kwanza. Huenda nyonga yake ni nyembamba, huenda si nyembamba, hatutajua mpaka siku yenyewe. Huyu asijifungulie mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Umenisikia?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba nimeshaandaa hospitali nzuri. Akaniuliza ni ipi, nikamtajia. Hakuisifu wala hakuisema vibaya. Alisema tu, "Kawaulize wanampasua nani, na usiku gani."

Mwanamke wa pili alikuwa mke wangu mwenyewe. Wakati mimi nilikuwa nikiwauliza wakubwa wa ofisini, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujifungua, yeye kila mwezi alikaa kwenye benchi la kliniki saa nyingi kati ya wanawake arobaini au hamsini, akisikiliza. Benchi lile lilikuwa ni chuo. Alijua ni hospitali gani mama akiita anaitikiwa. Alijua ni wapi mama huambiwa asubiri hadi asubuhi kwa sababu mpasuaji analala nyumbani kwake na simu haishiki. Alijua ni wapi ukienda na pamba yako na wembe wako unapokelewa vizuri, na ni wapi damu hupatikana. Alijua pia ni wapi wanawake hulala wawili kitanda kimoja, na hilo halikumtisha kama lilivyonitisha mimi.

Usiku mmoja, taa imeshazimwa, aliniambia: "Sikatai hospitali yako. Nina swali moja tu. Nikikwama saa nane za usiku, nani ataniona?"

Kesho yake nilikwenda kule kwenye sakafu za kung'aa, nikauliza. Karani alikuwa mtu mstaarabu sana. Alinieleza habari za vyumba, za chakula, za saa za kutazama wagonjwa, na akanipa bei. Nilipomuuliza tena juu ya saa nane za usiku, alisema kwamba daktari huitwa. Nikauliza anaitwa kutoka wapi. Akasema kutoka kwake. Nikauliza kwake ni wapi. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, utakuja kujifungua wewe?"

Nilirudi kwa miguu kutoka mjini mpaka Buguruni, na njiani nilijitazama. Nikagundua kwamba nilikuwa nimemchagulia mke wangu mahali pa kulala, sikuwa nimemchagulia mahali pa kuokolewa.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikitayarisha masomo ya sayansi kwa darasa la saba, nilisoma habari ya hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria, nikamkumbuka mke wangu na benchi lake. Katika miaka ya 1840 hospitali ile ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ilikuwa ya wakunga. Zilipokea wanawake kwa zamu, siku hii wodi hii, siku ile nyingine. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari, zaidi ya wazazi 11 kati ya kila 100 walikufa, wengi kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Wakubwa wa hospitali walitoa sababu nyingi, kutoka hewa mbaya mpaka hofu ya wanawake wenyewe.

Lakini wanawake maskini wa mji ule walikuwa wanajua. Walipiga magoti wakiomba wasiingizwe wodi ya kwanza. Wengine walijizuia hadi siku ya wakunga ifike, na wengine walijifungulia njiani, kisha ndipo wakabisha hodi. Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, ndiye aliyeamua kuichukua hofu yao kuwa ni ushahidi. Aligundua kwamba hata waliojifungulia barabarani walipona homa ile kuliko waliojifungulia kwa madaktari! Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wazazi. Hapo Semmelweis akaelewa kwamba madaktari walitoka moja kwa moja kwenye maiti wakaenda kuwashika wazazi. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwaka uliofuata vifo katika wodi ile vilishuka hadi kidogo zaidi ya mmoja katika 100. Wenzake wengi walimpuuza kwa miaka, naye alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Shuleni tunamtaja Semmelweis, na ni haki. Ila wanawake waliopiga magoti hatuwataji, ingawa walikuwa wamelijibu swali la hospitali ipi kabla yake.

Narudi Buguruni. Mwanamke wa tatu alikuwa mama mkwe wangu. Alishuka kutoka milima ya Lushoto akiwa na kikapu cha ndizi na mtungi wa asali, akakaa siku mbili bila kusema lililomleta. Siku ya tatu alisema.

"Baba, nimekuja kumchukua mwanangu. Mimba ya kwanza huzaliwa kwao. Ndivyo nilivyofanyiwa, ndivyo alivyofanyiwa mama yangu. Huku mjini nani atamshika mkono? Nyinyi mna hospitali, ila hamna watu."

Heshima haikuniruhusu kubishana naye. Nilinyamaza muda mrefu. Halafu nikamweleza jambo ambalo hata mke wangu sikuwa nimemsimulia lote.

Mwaka 1958, kwetu Upareni, nilipokuwa na miaka minane, mama yangu alijifungua mdogo wangu wa kike nyumbani. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma halikutoka. Mkunga alikuwa bibi yangu mzaa baba, mwanamke aliyepokea nusu ya kijiji, na alifanya yote aliyoyajua. Damu haikukoma. Baba na wajomba walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakatengeneza machela, wakaanza kuteremka naye kuelekea tambarare, kulikokuwa na barabara. Mimi nilikimbia nyuma nikiwa nimebeba kibuyu cha maji, kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Mbele ya mto wa pili waliiweka machela chini. Nilidhani wanapumzika. Bibi hakupokea tena mtoto mpaka alipokufa.

Mama mkwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akaniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nikamwambia hakumaliza mwaka. Akachukua kanga yake, akajifunga vizuri, akasema: "Basi nitabaki mimi huku. Lakini usiniambie nikae nyumbani siku hiyo. Popote mtakapompeleka, na mimi nitakuwepo."

Ndivyo tulivyoamua. Tulichagua hospitali kubwa ya serikali, kwa sababu moja tu, kwamba palikuwa na daktari wa zamu usiku kucha, na chumba cha upasuaji, na benki ya damu, vyote mahali pamoja. Nikaiondoa ile barua yangu ya mkopo.

Uchungu ulimshika Jumapili jioni. Siku hizo, kwa ajili ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani tangu Jumapili mchana. Jirani mmoja mwenye Peugeot kuukuu alisema, "Tukikamatwa tutakamatwa," akawasha. Tulisimamishwa na askari kabla hatujafika mbali. Alimulika tochi ndani, akaona mama mkwe amempakata mwanawe, akazima tochi na kutufungulia njia bila neno.

Hospitali mlangoni walimpokea mke wangu, na hapo mama mkwe alizuiwa. Siku zile hakuna ndugu aliyeruhusiwa kuingia leba. Tukakaa kwenye benchi la nje, yeye na mimi, ukuta mmoja katikati yetu na mwanawe. Kuna saa tulimsikia akiita mama yake. Mama mkwe alisimama, akaweka kiganja ukutani, akabaki amesimama hivyo hivyo.

Njia haikufunguka. Yapata saa nane za usiku, saa ileile, muuguzi alitoka na karatasi, akaniambia daktari ameamua apasuliwe, niweke sahihi, na kama kuna ndugu wa kutoa damu nianze mimi. Niliweka sahihi mkono ukitetemeka, nikapelekwa kutoa damu. Wakaniambia huenda itahitajika zaidi. Basi usiku ule nilitembea tena, safari hii mpaka kwenye nyumba za walimu wenzangu, nikagonga milango mitatu. Watu wazima walitoka na vikoi vyao, wakavaa, wakaja. Mmoja wao hatukuwa tukisalimiana vizuri tangu ugomvi wa ratiba ya mitihani. Alinyoosha mkono wake wa kwanza kuliko wote.

Niliporudi, mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, analia. Huyo ndiye mama wa mjukuu wangu. Mke wangu alikaa wodini siku kumi, na baadhi ya siku hizo kitanda kilikuwa cha watu wawili, kama ilivyokuwa desturi ya wodi nyingi za wazazi za mji ule. Hakulalamika kwa hilo. Alichokilalamikia hadi alipofariki miaka sita iliyopita ni kimoja, kwamba alimwita mama yake na mama yake hakuruhusiwa kuja.

Tangu wakati ule wataalamu wameyaandika mengi ambayo wanawake wangu watatu waliyajua bila kuandika. Mwaka 1987, mjini Nairobi, ulifanyika mkutano wa dunia ulioanzisha harakati za uzazi salama. Huko ilikumbushwa kwamba wanawake wapatao nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka duniani kwa sababu ya uzazi, karibu wote katika nchi maskini. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua, pili ni kuchelewa kufika, tatu ni kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Nilipoyasoma hayo niliiona safari yetu yote. Kiburi changu kilikuwa cha kwanza, Jumapili isiyo na magari ilikuwa ya pili, na swali la mke wangu lilikuwa juu ya tatu. Mama yangu wa 1958 hakufika hata kwenye ya tatu.

Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake juu ya uzazi, lilisisitiza kwamba mama awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Yaani mtu wa kumshika mkono. Mama mkwe wangu hakusoma kitabu hata kimoja, naye alikuwa amelisema sebuleni kwangu miaka 38 kabla. Nilimdhania anapinga hospitali. Kumbe alikuwa ananieleza kilichopungua katika hospitali.

Nchi yetu imepiga hatua, na si haki kuficha. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 63 kati ya 100 walijifungulia katika vituo vya tiba. Ule wa 2022 ulionyesha 81. Vifo vya wazazi, ambavyo uchunguzi wa kwanza uliviweka 556 kwa kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa, katika uchunguzi wa pili vilikadiriwa kuwa 104. Vituo vingi vya afya sasa vina vyumba vya upasuaji, hata vijijini. Kijana wa leo Dar es Salaam ana hospitali za serikali, za dini na za watu binafsi, kila moja na picha zake. Lakini wingi wa milango haujaliondoa swali. Umelifunika tu kwa mapazia mazuri.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, jibu langu ni hili. Sitakuchagulia hospitali. Nilijaribu mara moja. Ila nenda ukaulize mambo manne, na uyaulize ukiwa umesimama pale pale, si kwa simu. Daktari wa kupasua yuko ndani usiku, au anaitwa, na akiitwa anatoka wapi? Damu iko hapo, au inafuatwa? Mambo yakiwashinda wanakupeleka wapi, na kwa gari gani? Na ukimwita mama yako, ataruhusiwa kuingia? Wakikujibu vizuri katika chumba chenye runinga, lala kwenye runinga. Wakikujibu vizuri mahali penye geti tu, ingia getini bila aibu. Halafu usiishie kwa karani. Kaa kwenye benchi la kliniki, uwasikilize waliojifungua mwezi uliopita. Na wewe, mume wake, siku hiyo keti naye hapo benchini, ufunge mdomo, usikilize.

Barua hii nimeshawasomea kwa simu. Mjukuu aliandika maswali yale nyuma ya kadi yake ya kliniki, na juzi alinipigia kwamba hospitali mbili kati ya nne zimeshaanguka kwenye swali la kwanza, mojawapo ikiwa ile ya bei. Anatarajia kujifungua mwezi wa tatu kuanzia sasa. Mama yake ameshaomba likizo. Mimi nimewaambia nitakwenda kukaa Dar es Salaam wiki mbili kabla. Kwa umri wangu damu yangu hawataitaka, ila nimeshaongea na vijana wanne wa ukoo walioko huko, nimeandika namba zao za simu, na nimewaambia wasizizime usiku.